Taa ya betri inawaka na kuzima? Pima athi kabla hujauziwa alteneta

Ukifika kwa wakala wa magari ukasema tu "taa ya betri huwa inawaka", gari litarudi limeoshwa vizuri na karatasi imeandikwa "hakuna tatizo". Yamenikuta. Nabeba chumvi kwa pikapu kutoka Uvinza kuja Kigoma mjini, na wakala aliniuzia betri, kisha alteneta, yaani kifaa kinachochaji betri injini ikiunguruma, taa ikaendelea kuwaka. Inauma kulipia kifaa ambacho hakikuwa kibovu.

Kwanza fungua daftari. Kila tatizo likijitokeza, andika: injini ilikuwa ya moto au baridi, kuna mvua au vumbi, umewasha nini. Kwangu daftari lilionyesha pikapu husumbua wakati wa mvua, hasa ikilala na mzigo. Kiangazi, kimya.

Halafu tafuta mita, hata ya bei nafuu. Gari likilala usiku kucha, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi; 12.2 ni kama nusu ya chaji. Injini ikiunguruma, magari mengi husoma 13.8 hadi 14.5.

Mafundi wengi huishia hapo. Wewe endelea na athi, yaani waya unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye injini na bodi. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyeusi igusishe nguzo yenyewe ya hasi, si kibano chake; nyekundu iguse chuma kitupu cha injini. Mwenzio apige stata. Mita ikizidi nusu volti, umeme unapotelea njiani. Rudia kwenye bodi, taa zote zikiwaka. Hapo hata 0.2 ni nyingi.

Waya wangu kwa macho ulikuwa mzima. Karibu na bolti ukiufinya unabonyea. Fundi mmoja pale Mwanga, hapahapa Kigoma mjini, aliupasua mpira: shaba imegeuka unga wa kijani, zimebaki nyuzi chache. Chumvi huvuta unyevu, na ikilowana inakula shaba. Nyuzi zile ziliweza kuwasha taa za gari, stata haziiwezi. Tuliweka waya mpya wa unene uleule, tukapiga msasa mpaka chuma king'ae, tukakaza bolti, juu tukapaka grisi. Ukifanya kazi hii, anza kufungua hasi na uirudishe mwisho.

Kama betri inaisha gari likiwa limezimwa, pima ampea: fungua waya wa hasi, mita ikae kati ya nguzo ya hasi na waya huo, subiri nusu saa hivi kompyuta za gari zilale. Kwa kawaida haizidi 0.05. Ikizidi, chomoa fyuzi mojamoja mpaka ishuke. Usipige stata mita ikiwa hapo, itaungua.

Ukirudi kwa wakala, usimwachie mpokeaji aandike malalamiko kwa maneno yake. Mpe nakala ya daftari, na uombe fundi apande gari pamoja nawe. Wakikwambia kompyuta ya gari imetoa msimbo wa hitilafu P0562, huo unasema volti ziko chini, hausemi kilichokufa ni nini. Waulize: "Athi mmeipima mkapata ngapi?" Namba iandikwe kwenye karatasi ya kazi. Kifaa cha zamani urudishiwe mkononi. Na tatizo lilelile likijirudia, kabla hujalipia kifaa kingine, dai wakuonyeshe kipimo kilichowafanya wabadilishe kile cha kwanza.