Somo: Kupanga safari ya gari ya milima na maziwa, kutoka mlima Kitonga, Iringa, mpaka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa

Kila ikikaribia Desemba napigiwa simu ile ile: "Kaka, Dar mpaka Matema ni kilomita ngapi?" Safari nyingi huharibikia hapo hapo, hata kabla gari halijawashwa. Nyanda za Juu Kusini hazipimwi kwa kilomita. Zinapimwa kwa saa, na saa zenyewe ziko mikononi mwa mvua, ukungu na lori lililo mbele yako. Ukilielewa hilo, mengine yote ni ya kupanga tu.

Hatua ya 1: Amua unafuata maua au barabara kavu

Huku masika ni moja ndefu, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili au Mei. Hifadhi ya Kitulo, ile wenyeji wanayoiita Bustani ya Mungu, huchanua Desemba mpaka Aprili. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa sababu ya mimea yake, na okidi peke yake zipo aina 45. Sasa shida ni kwamba maua na utelezi huja pamoja. Septemba mpaka Novemba barabara ni kavu na jua ni zuri, ila utaona majani tu. Juni mpaka Agosti ni baridi ya kuuma meno, na ukungu juu. Mimi huchagua katikati ya Desemba: maua yameanza, na udongo haujashiba maji. Lakini kama dereva ni mgeni wa tope, aende Oktoba, maua atayaona mwaka mwingine.

Hatua ya 2: Gawa siku

Siku ya kwanza, Dar mpaka Iringa, kama kilomita 500. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri. Siku ya pili, Iringa, Mafinga, Makambako, Chimala, halafu kupanda Matamba, kijiji cha kuingilia Kitulo. Siku ya tatu yote ni ya Kitulo. Siku ya nne, shukeni kwa njia ya Isyonje mkalale Tukuyu. Ya tano ni ziwa Ngosi na Daraja la Mungu, ya sita mnateremka Matema. Kaeni Matema usiku mbili, msiwe wabahili. Kurudi ni siku mbili, mnalala Iringa au Mafinga. Jumla siku tisa. Mwenye siku tano aache Kitulo, aende Tukuyu na Matema tu. Kubana vyote kwenye siku tano ni kumwonea dereva.

Hatua ya 3: Gari

Anza na breki, kisha rejeta na maji yake, halafu matairi, likiwemo la akiba. Jeki, spana ya tairi, pembetatu na kizima moto viwepo, maana hata trafiki atakuuliza. Jaza mafuta Makambako au Chimala. Ukishapanda, usitegemee sheli. Utakuta mafuta ya kwenye madumu, na bei anapanga mwenye dumu.

Hatua ya 4: Kitonga

Mkishavuka Mikumi (barabara inapita katikati ya hifadhi, punguzeni mwendo, faini za kugonga wanyama zimeandikwa kwenye mabango) mtaingia bonde la mibuyu, kisha Ruaha Mbuyuni penye vitunguu. Vitunguu nunueni mkirudi. Baada ya hapo mlima unaanza.

Kitonga haina ugumu wa barabara, ni lami safi. Ugumu wake ni subira. Malori yaliyoshiba yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, kona imefichwa na mwamba, na nyuma yako kuna basi linapiga honi. Liache lipige. Usipite lori kwenye kona hata kama utingo anakupungia mkono kwamba njia nyeupe. Yeye hatalipia gari lako. Vioo vya madirisha vifungeni mkiona nyani. Mwaka juzi mmoja alituchukulia mfuko mzima wa ndizi mbivu kutoka mapajani mwa mama mkwe.

Hatua ya 5: Hamsini na Saba

Hapa ndipo nataka mkae na mimi. Chimala iko kilomita 78 kabla ya Mbeya. Pale unaacha lami na kuanza kupanda ukingo wa mlima kwenda Matamba. Barabara inaitwa Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Watoto wangu walihesabu wakapata 54, wakagombana mpaka juu kuhusu zipi ni kona na zipi ni kupinda tu.

Pandeni kabla ya saa nane mchana. Baada ya hapo mawingu huanza kukaa mlimani, na ukungu wa huko taa kubwa zinauzidisha. Tumieni taa za chini (dim). Kabla ya kona kali piga honi, sikiliza, ndipo ingia. Kukutana na gari, pisha mapema palipo na upana, usisubiri mpaka mtazamane.

Kushuka ndiko kunakoua breki. Safari yangu ya kwanza nilishuka njia hiyo hiyo mguu ukiwa juu ya pedali muda wote. Kabla ya nusu ya mlima pedali ikawa laini kama sifongo. Nikaegesha kwa kuegemeza tairi kwenye kingo ya udongo, nikatoka: moshi mwembamba kwenye ringi za mbele, harufu ya kitu kama pembe iliyoungua. Nikataka kumwagia maji. Mzee mmoja aliyekuwa anashuka na gunia la viazi kwenye baiskeli akanizuia: "Acha ipoe yenyewe, ukiimwagia utaipasua." Tulikaa dakika arobaini. Tangu hapo nashuka na gia ile ile ambayo ningepandia. Gari la otomatiki toa D, weka 2 au L.

Juu, uwanda wa Kitulo uko zaidi ya mita 2,600. Gari lisilo na tabo (turbo) litachoka, na wewe pia, tembeeni taratibu. Malipo ya hifadhi si ya noti taslimu, beba kadi au simu yenye salio.

Hatua ya 6: Rungwe

Ngosi ni ziwa lililokaa kwenye kreta. Unapanda kwa miguu ndani ya msitu na mianzi, chukua kiongozi wa pale, na uvae viatu vinavyoshika. Wenyeji watakuonyesha kwamba lina umbo la ramani ya Afrika. Daraja la Mungu, lililoumbwa na volkano juu ya mto Kiwira, ni la saa moja tu. Kijungu, pale mto huo huo unapoingia kwenye tundu la mwamba kama chungu, kiko jirani, kwenye eneo la chuo cha magereza, kwa hiyo ombeni ruhusa kabla ya kutoa kamera.

Hatua ya 7: Matema

Kuna lami ya kupitia Kikusya na Ipinda, na kuna njia ya vumbi ya Masoko inayopita ziwa Kisiba, ambalo wazee husema Wajerumani walitupa hazina yao humo. Kiangazi piteni Masoko. Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi, basi masweta ya Kitulo rudisheni kwenye begi. Mbele yenu milima ya Livingstone inasimama moja kwa moja kutoka majini. Ulizeni siku ya soko: akina mama Wakisi wa Ikombe huleta vyungu kwa mitumbwi, vimepangwa kimoja ndani ya kingine na kuwekewa majani visigongane.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nina IST. Itatoboa?
Jibu: Mpaka Matema kwa lami, bila wasiwasi. Hamsini na Saba kiangazi inapanda ukiwa na watu wawili na mizigo kidogo. Masika iache Chimala, kodi gari la wenyeji.

Swali: Shikamoo mwalimu. Tuko na bibi wa miaka 70 na mtoto wa miaka miwili. Tukate wapi?
Jibu: Marahaba mwanangu. Kateni Ngosi, ule mpando si wa bibi. Kitulo bibi ataona maua akiwa garini. Mtoto mpeleke na chandarua, Matema ina mbu wa kutosha.

Swali: Kuogelea Matema ni salama? Nimesikia mamba.
Jibu: Ogelea mbali na midomo ya mito, na pale tu wenyeji wenyewe wanapooga. Kichocho kipo Ziwa Nyasa, hivyo epuka maji yaliyotulia yenye majani, na ukirudi mjini kapime.

Swali: Kaka, samaki gani niagize?
Jibu: Mbasa, dada yangu. Wa kuchoma, na wali wa Kyela. Agiza asubuhi, ukifika jioni utaambiwa wamebaki usipa.