Namna ya kutembelea kituo kipya cha picha na sanaa za ufundi: mwongozo kwa wakazi wa Mwanza na kandokando ya ziwa

Kituo cha umma cha picha za mnato na sanaa za ufundi ni mahali ambapo mwananchi yeyote anaruhusiwa kuingia, kutazama, kuuliza na, pale penye maktaba au hifadhi, kupekua picha za zamani kwa utaratibu uliowekwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkazi wa Mwanza, Ukerewe, Sengerema, Magu, Musoma au Bukoba anayetaka kwenda katika kituo cha namna hiyo kwa mara ya kwanza, hasa kile kilichofunguliwa karibuni na ambacho hifadhi yake bado inajengwa. Ninashauri aende akiwa shahidi, kwa sababu majina ya watu, mahali na miaka ambayo wenye kituo wanaitafuta mara nyingi imo kichwani mwake, au imeandikwa nyuma ya picha iliyolala sandukuni nyumbani kwake.

Kabla ya kufunga safari, piga simu uulize mambo mawili: kama ukumbi uko wazi siku hiyo, na kama onyesho lililopo bado halijashushwa. Vituo vya picha hufunga kumbi zao kati ya onyesho moja na lingine ili kutundua na kutundika upya, na mtu aliyetoka Nansio kwa meli, au aliyevuka daraja la Kigongo–Busisi lililozinduliwa Juni 2025, hatafurahi kukuta kuta tupu. Siku ya uzinduzi wa onyesho kuna hotuba, wageni rasmi na msongamano. Ni siku nzuri ya kukutana na wasanii, lakini si siku ya kutazama picha. Chagua siku ya kazi, asubuhi, na utenge muda wa kutosha wa kukaa humo bila kuangalia saa.

Ukiingia utaona chumba kina mwanga hafifu, na hili huwashangaza wengi wanaotoka kwenye jua la Kirumba au Mwaloni, ambako maji yenyewe hurudisha mwanga machoni. Sababu ni kwamba mwanga huharibu karatasi na rangi polepole na uharibifu huo haurudi nyuma. Ndiyo maana picha za zamani na michoro ya rangi za maji huonyeshwa kwa kawaida kwenye kiwango cha luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu). Simama karibu na mlango kwa dakika chache mpaka macho yazoee, ndipo uanze kutembea. Mifuko mikubwa huachwa mapokezi, chakula na vinywaji haviingii ukumbini, na hata mahali panaporuhusiwa kupiga picha kwa simu, taa ya simu huzimwa.

Usijaribu kuona kila kitu. Zunguka ukumbi mara moja kwa haraka, kisha urudi kwenye picha tatu au nne zilizokushika, na ukae na kila moja kwa muda ambao kwa kawaida ungetumia kunywa kikombe cha chai. Anza ukiwa mbali kidogo, uone umbo zima. Kisha sogea karibu bila kugusa kioo, ujiulize mpiga picha alisimama wapi, mwanga ulitoka upande gani, nani anaitazama lenzi na nani ameikwepa, na ni kitu gani kimekatwa na ukingo wa fremu. Chukua mfano wa picha ya studio ya miaka ya 1970, ya aina ambayo bado imetundikwa sebuleni katika nyumba nyingi za Mwanza: pazia lililochorwa bustani nyuma, kijana ameketi, mkono mmoja juu ya goti, mkono wa shati umevutwa juu kidogo ili saa ya mkononi ionekane. Saa hiyo haikuonekana kwa bahati. Mwenyewe alitaka ionekane, au mpiga picha ndiye aliyeishika mikono yake na kuipanga. Ukiinamisha kichwa na kuitazama picha hiyo kwa mshazari, kwenye sehemu nyeusi unaweza kuona mng'ao wa kibuluu kama wa madini. Hiyo ni fedha iliyomo katika karatasi ya picha nyeusi na nyeupe, ambayo kwa miaka mingi ya unyevu na hewa chafu hupanda juu ya uso wa picha, na mng'ao wake ni dalili nzuri kwamba unatazama nakala ya zamani yenyewe.

Karibu na kila picha kuna kibao kidogo cha maelezo, na kukisoma vizuri ni nusu ya ziara. Kwa kawaida hutaja aliyepiga picha, jina la picha, mwaka, aina ya uchapaji na mwenye mali. Ukiona miaka miwili imeandikwa pamoja, kwa mfano 1974 na 2019, wa kwanza ni mwaka picha ilipopigwa na wa pili ni mwaka nakala hiyo ilipochapwa kutoka kwenye negativi, yaani filamu iliyotoka kwenye kamera. Zaidi ya hayo, angalia kile ambacho kibao hakisemi. Maelezo ya picha nyingi za enzi ya ukoloni hutaja jina la mzungu aliyeshika kamera na kabila la Mwafrika aliyepigwa, basi; jina la mtu halimo, wala la kijiji mara nyingine. Pengo hilo linaniuma kila ninapolikuta, na ni hapo ambapo mgeni wa kutoka ziwani anakuwa na kazi ya kufanya.

Kazi yenyewe haihitaji elimu ya picha, inahitaji kuyajua mazingira. Mawe ya Mwanza hayahami: nyumba hupanda milimani mwaka hadi mwaka, barabara hubadilika, lakini mstari wa mawe dhidi ya anga hubaki vilevile, na mzee aliyekulia Igogo au Mabatini anaweza kutambua mahali kwa mawe kabla hajatazama watu. Kwa kukadiria mwaka, ziwa lenyewe na majengo yake hutoa alama. Picha inayoonyesha jengo la hospitali ya Bugando limekamilika juu ya kilima haiwezi kuwa ya miaka ya 1950, kwa kuwa hospitali ilifunguliwa mwaka 1971. Picha ya bandari yenye meli ya MV Victoria ni ya mwaka 1961 au baadaye, na ile yenye MV Bukoba ikielea ni ya kabla ya tarehe 21 Mei 1996, siku ilipozama. Ukikutana na picha kama hiyo ukiwa na mtu aliyefiwa siku ile, mpe nafasi na usimharakishe. Ghuba iliyofunikwa na magugu maji haiwezi kuwa ya miaka ya 1970, maana magugu hayo yalianza kuonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Sangara wakubwa waliorundikwa mwaloni kwa wingi nao huashiria miaka ya 1980 na kuendelea, kwa kuwa ndipo samaki huyo alipotawala ziwa baada ya kupandikizwa miongo kadhaa nyuma.

Katika picha za ngoma, maelezo husema tu "wacheza ngoma", ilhali Msukuma akiona majembe mikononi atajua papo hapo kwamba ni Bugobogobo. Kwa ajili ya ujuzi wa namna hii ningemshauri mgeni apitie kwanza Makumbusho ya Wasukuma yaliyoko Bujora, Kisesa, kwenye barabara ya Musoma, yaliyoanzishwa na Padre David Clement, ambako moja ya majengo limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Mtu aliyeona ngoma na viti vya watemi kwa macho yake huvitambua upesi anapovikuta vimefifia pembeni mwa picha ya miaka 80 iliyopita.

Ukishatambua kitu, usiondoke nacho. Mwendee mhudumu, msalimie, umweleze kwa utulivu namba ya picha na unachokijua, ukitofautisha kile ulichokiona mwenyewe na kile ulichosimuliwa. Ukiwa umefuatana na babu au bibi, omba kiti, mkumbushe kubeba miwani, na mwache asimulie kwa lugha inayomtoka vizuri, iwe Kisukuma, Kikerewe au Kijita, huku wewe ukiomba kituo kirekodi sauti yake. Watoto nao wachague picha moja kila mmoja na waieleze. Hawachoki upesi wanapokuwa na picha yao.

Vituo vingi vya namna hii huonyesha pia michoro na uchongaji, na utazamaji wake ni tofauti kidogo. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwenye vipande vya mraba vya hadibodi, yaani ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, rangi inayong'aa. Mchoro wa mtindo huo ukiutazama moja kwa moja chini ya taa utaona mwako tu, kwa hiyo sogea hatua moja upande mmoja na rangi zitatulia. Katika uchongaji zunguka kinyago chote, maana mgongo wake nao umechongwa.

Baada ya ziara ya kwanza, jiandae kurudi na picha za nyumbani, na hapa naomba uangalifu mkubwa. Uso wa picha ya karatasi umeshikwa na jelatini, ambayo hunyonya unyevu, huvimba na kunata, na hewa ya ziwani wakati wa masika haina huruma nayo. Picha iliyogandamana na kioo cha fremu usiivute hata kidogo. Peleka fremu nzima, kwani kituo kinaweza kuiskani ikiwa vilevile ndani ya kioo. Zilizo huru zishike kwa kingo, mikono ikiwa safi na mikavu, uziweke kati ya vipande viwili vya kadibodi ndani ya bahasha ya khaki. Ukisafiri kwa mtumbwi au meli, tia bahasha ndani ya mfuko wa plastiki kuzuia maji, lakini uitoe mara tu unapofika, kwa sababu plastiki hufungia unyevu ndani. Selotepu na gundi zisiguse picha kabisa.

Majina yaandikwe kabla ya safari, wakati wanaoyajua wangali hai. Laza picha kifudifudi juu ya meza ngumu na safi, uandike nyuma, karibu na ukingo, kwa penseli laini bila kukandamiza: nani, wapi, mwaka gani, na nani amekueleza. Kalamu ya wino hupenya au kuacha mfuo upande wa mbele. Karatasi za picha za rangi za miaka ya karibuni zina utando wa plastiki ambao haupokei penseli. Kwa hizo andika juu ya bahasha, bahasha moja kwa picha moja. Kama nyuma kuna mhuri wa studio, usiufute wala kuufunika, kwa kuwa mara nyingi ndiyo njia pekee ya kumjua aliyepiga.

Mbele ya dawati la hifadhi, omba picha ziskaniwe ukiwa hapo na zirudishwe mikononi mwako siku hiyohiyo, isipokuwa umeamua mwenyewe kuzikabidhi. Soma fomu yote kabla ya kutia saini. Iseme kama picha itaonyeshwa ukumbini tu au itawekwa pia kwenye intaneti, kama inaweza kuuzwa kwa wachapishaji, na jina la familia litatajwa vipi. Kuwa na karatasi ya picha si sawa na kuwa na hakimiliki yake: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za picha, na aliyepiga au warithi wake wanaweza kuwa na haki ambayo wewe huwezi kuitoa. Pale ambapo aliyemo pichani yu hai, mwombe ruhusa kwanza. Tangu mwaka 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata bila sheria hiyo shangazi yako anastahili kuulizwa. Mwisho, dai nakala ya fomu iliyotiwa saini na nakala ya mafaili kwenye flashi, uyafungue palepale kwenye kompyuta ya kituo, uhesabu kama idadi yake inalingana na picha ulizoleta, ndipo uzirudishe picha zako kwenye bahasha.