Unamaliza feloshipu Marekani na unataka kufundisha chuo kikuu? Soma hii kabla hujasaini

Madaktari wenzangu mlioko residensi na feloshipu (mafunzo ya ubingwa baada ya shahada ya udaktari) huku Marekani, kazi ya chuo kikuu haitafutwi mwezi wa tano wakati mafunzo yanaisha 30 Juni. Anza mwaka mzima kabla, na kama uko kwenye viza ya J-1 (ya wageni wanaokuja kwa mafunzo) anza hata miezi 18 kabla, maana sheria inakutaka urudi nyumbani miaka 2 ama upate msamaha wa sharti hilo. Wengi wanapitia Conrad 30, mpango wa kutoa msamaha huo, kila jimbo lina nafasi 30 kwa mwaka na ukipata unatumikia miaka 3. Sasa watu wakisikia ni kwa ajili ya maeneo yenye uhaba wa madaktari wanakata tamaa ya chuo kikuu kabisa, lakini nafasi 10 kati ya hizo jimbo linaweza kuzipa hospitali iliyo nje ya maeneo hayo mradi inahudumia wagonjwa wanaotoka huko, na hospitali za vyuo vikuu zinaweza kuingilia hapo. Kwa hiyo kila unapoitwa intavyuu uliza mapema, mmeshamfanyia daktari wa J-1 msamaha, na nani anashughulikia? Wakiumauma maneno, endelea kutafuta.

Usikae kusubiri tangazo. Mwandikie mkuu wa kitengo moja kwa moja, barua fupi tu, unamaliza lini, unafanya nini, viza gani, unataka kufundisha au utafiti, na sivii juu yake. Halafu mwombe msimamizi wako ampigie simu, msione aibu jamani, huku ndivyo kazi zinavyopatikana.

Ofa ikija wengi tunakimbilia mshahara. Mimi nakuambia angalia muda kwanza. Wakisema asilimia 20 ya muda ni wa utafiti ama kufundisha hiyo ni siku 1 kwa wiki, basi uliza siku hiyo nani anajibu meseji za wagonjwa wako na nani anaangalia majibu ya maabara, na ukiwa zamu ya wodi wiki nzima siku yako unarudishiwa au imekula kwako, na wanakupa muda huo kwa miaka mingapi. Majibu yote yaandikwe kwenye mkataba, ahadi ya mdomo inaondoka na mkuu wa idara siku akihama.

Kwa wa utafiti hili ni zito zaidi. Granti za NIH (taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya) za K08 na K23, za madaktari wanaoanza utafiti, zinataka asilimia 75 ya muda wako kwa kawaida (madaktari wa upasuaji wanaweza kuruhusiwa 50), na zinataka uwe raia au na grinikadi. Ukiwa bado kwenye viza iangalie K99/R00, granti nyingine ya NIH, hiyo inapokea hata wasio raia.

Uliza pia ukiondoka nani analipia bima ya kesi zitakazofunguliwa baadaye, na kama kuna kipengele cha kukuzuia kufanya kazi karibu na hapo. Mpe wakili wa mikataba ya madaktari ausome wote.

Ukishasaini anza leseni ya jimbo siku hiyohiyo, maana hospitali nayo ina uhakiki wake unaokula miezi, na watataka uthibitisho kutoka chuo ulichosomea nyumbani, huo uombe mapema na ufuatilie kwa simu.