Somo: Kuanza mbio za magari ya rimoti ya mtindo wa kale

Magari ninayoyazungumzia hapa ni yale ya miaka ya themanini: bagi (magari ya kukimbia kwenye udongo) zenye tairi za miba nyuma, dereva wa plastiki aliyekaa ndani ya bodi, na mota ya brashi inayolia kama nyuki. Tamiya, kampuni ya Kijapani, walitoa gari lao la kwanza la rimoti, Porsche 934, mwaka 1976. Miaka michache baadaye mchezo ukahamia kwenye vumbi, na mwaka 1984 pekee yalitoka Grasshopper na Hornet za Tamiya, na RC10 ya Team Associated, kampuni ya Kimarekani. Mwaka uliofuata Jay Halsey alitwaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa bagi za kipimo cha 1/10 (moja ya kumi ya gari halisi) zinazosukumwa na magurudumu mawili, huko Del Mar, California, akiendesha RC10. Mengi ya magari hayo yametolewa upya na viwanda vilevile, ndiyo maana mtu anaweza kuanza leo bila kuwinda masalia.

Nimewafundisha watu kadhaa mchezo huu na kila mara nasisitiza jambo moja: gari la pole lililofungwa vizuri litakufikisha mbali kuliko gari la kasi lililofungwa harakaharaka. Somo lote limekaa juu ya hilo.

Hatua ya 1: Chagua gari

Chukua Hornet iliyotolewa upya, ile iliyorudi sokoni mwaka 2004. Chesisi yake ni kama beseni la plastiki gumu, sehemu ni chache, na ukivunja kitu spea zipo. Gia za nyuma na mota vimekaa kwenye sanduku moja linalocheza lote kwa pamoja, kwa hiyo kwenye mashimo nyuma inarukaruka. Usilione hilo kama kasoro ya kuondoa. Litakufundisha kuachia moto, yaani kichocheo cha mwendo, kabla ya bonde, na mkono huo utabaki nao hata ukipanda gari la maana zaidi. RC10 na Optima ya Kyosho ni magari mazuri mno, ila yana marekebisho mengi na anayeanza hupotelea humo.

Kabla ya kununua chochote, soma kanuni za mahali utakakoshindana. Kwingine wanakubali matoleo mapya, kwingine wanataka gari la zamani halisi, na karibu kila mahali kuna sharti kuhusu mota na betri.

Hatua ya 2: Vifaa

Rimoti ya 2.4 GHz pamoja na risiva yake (kipokezi kinachokaa ndani ya gari), servo moja (kimota kidogo kinachogeuza usukani), kidhibiti mwendo cha elektroniki kinachokubali mota ya brashi, betri ya NiMH ya volti 7.2 na chaja inayojizima betri ikijaa. Zamani kila rimoti ilitumia kristali ya masafa yake, na wawili wenye masafa mamoja hawakuweza kukimbia pamoja. Shida hiyo imekwisha.

Kwenye bisibisi usibane pesa. Skrubu za Kijapani zina msalaba wa kipimo chao, kinachoitwa JIS, na bisibisi ya kawaida ya msalaba huwa haikai mpaka chini. Inateleza, inakula kichwa cha skrubu, na kesho skrubu haitoki. Tafuta bisibisi ya JIS. Na agiza seti ya beringi papo hapo, maana magari haya mara nyingi huja na bushi za plastiki. Beringi ndilo badiliko pekee ninalolipendekeza siku ya kwanza: gari linakuwa jepesi, betri inadumu zaidi, na vumbi halisagi ekseli.

Hatua ya 3: Kufunga

Hapa tulia. Safisha meza, mwaga skrubu za mfuko mmoja tu kwa wakati mmoja, na fuata michoro kwa mpangilio wake.

Skrubu inayoingia kwenye plastiki kwa mara ya kwanza inajichongea njia yenyewe. Iguse kwanza kwenye kipande cha sabuni kavu ili isilazimishwe. Sasa tuseme umeitoa na unairudisha. Usiikaze moja kwa moja. Iweke tunduni, izungushe kinyume taratibu kama unayeifungua, mpaka usikie "tik" ndogo na kuhisi imedondoka kidogo. Hapo imeangukia kwenye njia yake ya zamani. Sasa kaza. Ukipuuza tik hiyo, skrubu inachonga njia ya pili juu ya ya kwanza, na baada ya kufungua mara tatu nne tundu linakuwa halishiki tena. Nimepoteza chesisi nzima kwa kosa hilo. Na ile gundi ya kushikiza nati itumie chuma kwa chuma peke yake, kwa sababu ikigusa plastiki inaipasua.

Shokapu za nyuma zina mafuta. Jaza, pandisha na ushushe pistoni polepole, kisha ziache zimesimama mpaka viputo vyote vipande juu. Ukifunga na hewa ndani, utasikia shokapu ikikoroma na magurudumu mawili hayatacheza sawa.

Grisi kwenye gia iwe kidogo tu. Ikizidi inarushwa pembeni na kukusanya mchanga.

Kabla ya kufunga mkono wa servo, washa rimoti, unganisha risiva na betri, acha servo ijipange katikati yenyewe, ndipo ufunge mkono ukiwa wima. Ukianza kuufunga bila umeme, gari litavuta upande mmoja na hutajua kwa nini. Hapo pia jenga mazoea haya: rimoti huwashwa kwanza na kuzimwa mwisho. Gari lenye umeme lisilo na rimoti linaweza kukutoka mkononi.

Hatua ya 4: Rangi

Bodi ya Hornet ni plastiki angavu ya polikaboneti na inapakwa kwa ndani. Ioshe kwa sabuni ya vyombo, ikauke, ziba madirisha, halafu pulizia rangi maalumu ya polikaboneti, matabaka mepesi mengi. Kwa kuwa itatazamwa kutoka upande wa pili, rangi nyeusi na za giza hutangulia, nyeupe na za mwanga hufuata. Nailoni nyembamba iliyobandikwa juu ya bodi kwa nje iache mpaka mwisho kabisa. Siku ya kuibandua ndiyo siku gari linapozaliwa.

Hatua ya 5: Mazoezi

Weka chupa mbili, hatua kumi kati yake, na uendeshe namba nane. Gari likienda mbele yako kulia ni kulia. Likikugeukia, kulia kwako ni kushoto kwake. Akili hulielewa hilo kwa dakika moja, vidole huchukua wiki. Anza kwa mwendo wa kutembea, na usiongeze moto mpaka umemaliza betri nzima bila kugusa chupa.

Hatua ya 6: Siku ya mbio

Fika mapema na ukague nati za magurudumu. Raundi nyingi ni za dakika 5. Raundi yako ikiisha, kwa kawaida unabaki kando ya njia kuwainulia wenzako magari yaliyopinduka. Ifanye kwa moyo: tazama kona yako, pisha magari yanayokuja, ndipo uingie. Na ukiwa unaendesha huku kiongozi akikukaribia na kukuzidi mzunguko mzima, mwachie njia sehemu iliyonyooka. Kumkwepa ghafla ndani ya kona huwaangusha wote wawili.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninazo betri za LiPo (lithiamu) za droni yangu. Naweza kuzitumia?

Marahaba. Za droni ziache, zina ganda laini na jiwe moja linaweza kuzitoboa. Kuna LiPo za ganda gumu za volti 7.4 kwa ajili ya magari, lakini nyumba ya betri ya Hornet imeumbwa kwa betri yenye pembe za mviringo, kwa hiyo pima kwanza. Hakikisha pia kidhibiti mwendo chako kinakata umeme kabla seli haijashuka chini ya volti 3, kwani vingi vya bei ya chini havifanyi hivyo. Na usiichaji ukiwa umeondoka nyumbani.

Swali: Nimerithi gari la mjomba la mwaka 1986 likiwa na betri yake. Nalifufuaje?

Hongera, hiyo ni mali. Betri usiichaji: ni NiCd, aina ya zamani yenye kadimiamu ambayo ni sumu, na kama imevuja vaa glavu na uipeleke inakopokelewa taka za aina hiyo. Mota jaribu kuizungusha kwa volti 3 bila mzigo. Tairi zitakuwa zimekauka na kupasuka, na plastiki ya umri huo huvunjika kama biskuti. Mimi ningelisafisha, nikatunza kila kipande cha asili hata kile kidhibiti mwendo cha zamani kinachosukumwa na mkono wa servo, kisha nikashindana na toleo jipya.

Swali: Kaka, nikibonyeza moto usukani unatetemeka. Servo imekufa?

Sidhani. Tazama vile vidonge vidogo vilivyolehemiwa kwenye mota, ni kapasita za kuzuia kelele za umeme wa brashi. Kimoja kikichomoka, kelele hiyo inaingia kwenye risiva. Kilehemu upya, na upitishe waya za mota mbali na risiva.

Swali: Naendesha kwenye lami mtaani. Miba ya tairi za nyuma imeisha ndani ya wiki mbili.

Miba ni ya udongo, lami inaisaga. Nunua tairi bapa za mazoezi, na zile za miba zisubiri siku ya mbio.

Swali: Mwalimu, nimeshindana mara tatu na mara zote nimekuwa wa mwisho. Nataka mota kali zaidi.

Ndugu yangu, subiri kidogo. Mwombe mtu akuhesabie mambo mawili kwenye raundi ijayo: umepinduka mara ngapi, na kila mara umekaa sekunde ngapi kabla ya kuinuliwa. Ukipinduka mara sita na kungoja sekunde tano tano, umepoteza nusu dakika katika dakika 5, na hakuna mota inayoruhusiwa na kanuni itakayokurudishia hizo. Niletee hesabu hiyo, na niambie ni kona ipi inayokuangusha. Tutaanzia hapo.