Zana ya kujengea programu ikisema "hakuna kilichobadilika", iwe kweli

Kazi kubwa ya zana ya kujengea programu ni kujua faili lipi lijengwe upya na lipi liachwe. Kuita kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa, hata hati fupi ya shell inaweza. Ugumu uko kwenye kuacha. Zana ikiruka faili lililotakiwa kujengwa, mtu atakesha akitafuta hitilafu ambayo ameshairekebisha, kumbe anaendesha programu ya jana. Kwa hiyo ukikabidhiwa zana ya chanzo huria uitunze, mambo ya kasi na rangi kwenye terminali yasubiri. Kwanza hakikisha ikisema "hakuna kilichobadilika" inasema kweli.

Mimi ni fundi kompyuta hapa Ngamiani, Tanga, na jioni natunza zana ndogo ya namna hiyo pamoja na vijana wachache. Kazi ya mchana ndiyo inayonionyesha zana hizi zinapokosea. Mashine nyingi zinazofika mezani kwangu ni za mtumba, na ile betri ya saa, CR2032, imeshakufa. Umeme ukikatika, saa inarudi kwenye tarehe ya kiwandani.

Make, zana ya kujengea ambayo Stuart Feldman aliiandika pale Bell Labs mwaka 1976, hulinganisha muda tu: chanzo (faili la msimbo) kikiwa kipya kuliko kilichojengwa, inajenga; la sivyo, inaacha. Sasa kijana alijenga programu yake jana, saa ikiwa sawa. Leo mashine imewaka ikiamini ni mwaka 2009. Anarekebisha `hesabu.c`, anahifadhi, faili linapata tarehe ya 2009. Make inaona chanzo ni cha zamani, inakiruka. Ananijia: "Dada, nimerekebisha lakini jibu ni lilelile." Hajakosea kitu huyo. Zana imeuliza swali lisilofaa.

Swali la kuuliza ni "limebadilika?", wala si "lipi jipya?" Zana iwe na faili la kumbukumbu ambamo kila chanzo kimeandikiwa ukubwa wake, muda wake na hashi ya yaliyomo, yaani alama fupi inayobadilika yaliyomo yakibadilika; SHA-256 inatosha. Muda na ukubwa vikilingana kabisa na kumbukumbu, pita. Kikitofautiana chochote, muda uwe umekwenda mbele au umerudi nyuma, soma faili na upige hashi. Kasi haipotei, maana mafaili mengi hayatasomwa kabisa.

Mwanya mmoja unabaki, na huku kwetu ni mpana kwa sababu vijana hubebeana kazi kwa flashi. FAT32, mfumo wa mafaili wa flashi nyingi, huandika muda wa kubadilishwa faili kwa hatua za sekunde 2. Badilisha 7 iwe 8 ndani ya sekunde hizo, mara tu baada ya kujenga: ukubwa uleule, muda uleule, na badiliko limefichika. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, ililitatua hili zamani. Ikikuta faili ambalo muda wake haujatangulia muda wa kuandikwa kwa kumbukumbu yake, haiuamini muda huo, inasoma yaliyomo. Fanya vivyo hivyo.

Kwenye kumbukumbu hiyo weka pia hashi ya amri nzima ya kompaila, kama Ninja, zana nyingine ya kujengea, inavyofanya. Mtu akitoka `-O0` kwenda `-O2` (viwango vya kompaila vya kuboresha programu), chanzo hakijaguswa lakini lazima kijengwe upya.

Umeme una jambo jingine. Ukikatika katikati ya kuandika, linabaki faili nusu lenye muda mpya, na zana inayotazama muda peke yake italihesabu kuwa limekamilika. Andika kwanza kwenye faili la kupita tu ndani ya folda ileile, ita `fsync` ili data ifike diskini, kisha `rename` kwenda jina halisi. Kwa utaratibu wa POSIX, kanuni za mifumo ya aina ya Unix, anayefungua jina hilo atakuta la zamani au jipya, hatakuta nusu.

Kila hitilafu iliyoripotiwa iandikiwe jaribio kabla ya kuirekebisha, na ulione likishindwa kwa macho yako. Usitumie `sleep` kusubiri muda upite. Majaribio yatakuwa mazito na watu wataacha kuyaendesha. Saa iliyorudi nyuma unaiigiza kwa amri moja:

`touch -t 200901010000 hesabu.c`

Jaribio ninalolithamini kuliko yote ni hili: programu ndogo ibadilishe mafaili ovyo ovyo, ijenge kwa kuongezea (yaliyobadilika tu), ihifadhi matokeo, kisha ifute vyote, ijenge upya kutoka sifuri kwenye folda ileile, ilinganishe baiti kwa baiti. Tofauti yoyote ni hitilafu ya kutafutwa. Weka `SOURCE_DATE_EPOCH`, tarehe moja isiyobadilika, ili tarehe ya kujenga isikuvuruge. Mtu akileta ombi la kuongeza kasi, naliendesha hili kwanza. Likishindwa silipokei, hata kama kasi imezidi mara mbili.

Kuhusu sintaksia, kosa lirekebishe mapema. Feldman alijua sharti la herufi ya Tab kwenye Makefile, faili la maagizo ya Make, linasumbua, lakini alikuwa tayari na watumiaji kama dazeni, hakutaka kuwaharibia kazi. Sharti hilo tunalo mpaka leo. Ukilazimika kubadili, toa onyo kwenye toleo moja zima kabla ya kuondoa.

Mwisho ni siku ya kutoa toleo, na hapo usiwe na haraka. Machi 2024 iligundulika kuwa matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yana mlango wa siri, na kipande cha kuuwasha kilikuwa kwenye hati ya kujengea iliyomo ndani ya kifurushi cha toleo huku ripozitori ya Git, hifadhi ya msimbo wake, haina. Waliosoma ripozitori wasingekiona. Basi kifurushi kisitoke kwenye folda ya mtu. Kitoke kwenye tagi (alama ya toleo ndani ya Git) kwa `git archive`, ambayo huchukua muda wa mafaili kutoka kwenye komiti (badiliko lililohifadhiwa) yenyewe. Watu wawili wakitengeneze kwenye mashine mbili, kisha walinganishe hashi. Linganisheni `.tar` kabla ya kuibana, kwa kuwa matoleo tofauti ya gzip huweza kutoa baiti tofauti kwa yaliyomo yaleyale. Hashi zisipolingana, toleo lisitoke siku hiyo.