Kukagua malisho kwa kuangalia kinyesi cha ng'ombe

Ukisubiri mbavu zionekane, umechelewa wiki kadhaa. Kinyesi hutangulia kusema: kinaonyesha alichokula ng'ombe siku mbili tatu zilizopita.

Kagua alfajiri zizini, kikiwa bado kibichi. Jua hukikausha na mbawakawa hukivuruga, kisha utalaumu malisho bure. Pitia marundo kumi au zaidi ya ng'ombe wazima. Ya ndama wanaonyonya na ya wagonjwa yaache.

Kilichotandaa kwa mikunjo laini, kikiwa na kashimo katikati, ni dalili njema. Kikisimama wima, tabaka juu ya tabaka, kigumu na chenye nyuzi, nyasi zimekomaa na protini ghafi (makadirio ya protini yote kutokana na naitrojeni iliyomo kwenye chakula) huenda imeshuka chini ya asilimia 7. Hapo vijidudu vya tumbo la kwanza vinakosa naitrojeni, nyuzi zinakawia kusagika, na ng'ombe anakula kidogo ingawa majani yamejaa. Kumrundikia mabua ya mahindi hakusaidii kitu. Mpe mashudu ya alizeti au ya pamba, nusu kilo hadi kilo moja kwa siku, halafu kagua tena baada ya wiki. Ila kwanza uliza habari ya maji: anayenyweshwa siku moja na kurukwa nyingine hutoa kinyesi kigumu hata kwenye malisho mazuri.

Mvua za kwanza huleta uji mwembamba, kwa sababu nyasi changa zina maji na protini nyingi, nyuzi kidogo. Ukiona damu, ute au harufu kali, hilo si la malisho; mwite mtaalamu wa mifugo.

Kwa wanaolishwa pumba au mahindi, osha kikombe kimoja cha kinyesi kwenye chekecheke lenye matundu ya milimita 1 hadi 2 mpaka maji yawe meupe. Punje nzima zikibaki, nafaka haikuparazwa vizuri. Nyuzi nyingi ndefu kuliko sentimita moja zinaonyesha chakula kimepita kabla ya kucheuliwa vya kutosha.

Ukipeleka maabara kupimwa naitrojeni, chota kijiko kutoka katikati ya kila rundo, pasipogusa udongo, changanya, kisha gandisha au kausha kwenye joto la nyuzi 60 za Selsiasi hivi. Majibu ya mbuzi na ngamia wanaokula migunga yasomwe kwa tahadhari: tanini, kemikali kali iliyomo kwenye majani hayo, hushika protini na kutoka nayo, hivyo naitrojeni huonekana nyingi kwenye kinyesi wakati mnyama mwenyewe hakuipata.