Deringa ya mitutu miwili: cha kukagua kabla hujalipa

Bastola hii ina mitutu miwili iliyolaliana, bawaba moja, komeo moja na nyundo moja. Vitu ni vichache, kwa hiyo ubora wake haujifichi. Mng'aro na nakshi za mpini viache mwisho.

Kwanza fungua mitutu uone vyumba vyote viwili ni vitupu. Hata kama muuzaji ameshaifungua mbele yako, fungua tena. Kisha ifunge, shika mpini kwa mkono mmoja na mitutu kwa mwingine, uitikise kushoto na kulia. Isicheze. Iinue kwenye mwanga, utazame kati ya mitutu na fremu: mwanya uwe mwembamba kama uzi na sawa kutoka juu hadi chini. Bawaba iko juu na komeo liko chini, hivyo mwanya ukipanuka chini ujue komeo limelika. Ganda la risasi halitashikiliwa barabara. Linaweza kuvimba au kupasuka.

Mulika tochi kwenye masikio mawili yanayobeba pini ya bawaba. Nyufa huanzia hapo. Deringa za zamani za kampuni ya Remington ya Marekani, zilizotengenezwa kuanzia 1866 hadi 1935, zinajulikana kwa kuvunjika kwenye masikio hayo; mwenye kuinunua ya kuweka kabatini haumii, lakini ya kufyatulia ni hasara.

Beba sumaku ndogo. Fremu ya chuma cha pua kwa kawaida huinasa. Ya aloi ya zinki au alumini haiinasi. Zinki hushusha bei, lakini komeo na nyuzi za skrubu huchakaa mapema, na ufa wake hauchomeleki kirahisi. Ukiwa na fedha ya kutosha chuma, usipoteze muda na zinki.

Nyundo ndiyo inayostahili muda mwingi zaidi. Ikiwa imelala, tazama uso wa fremu nyuma ya mitutu: pini za kufyatulia zisichomoze. Zikichomoza, zitaegemea kitako cha risasi, na bastola ikianguka inaweza kulia yenyewe. Tafuta nyundo inayorudi nyuma kidogo baada ya kugonga, au kizuizi kinachoitenga na pini. Ivute hadi mwisho, ondoa kidole kwenye kifyatulio, uisukume kwa dole gumba: isishuke.

Kujua kama pini zote mbili zinafanya kazi, chukua penseli mbili zenye kifutio. Elekeza mitutu juu, tumbukiza penseli moja kila mtutu, kifutio kikitangulia, halafu, kwa idhini ya muuzaji, vuta nyundo na ufyatue mara mbili. Ya kwanza iruke, kisha ya pili. Ileile ikiruka mara mbili, au zote zikitulia, gurudumu la kubadilisha pini limechoka. Usijaribu hivi kwenye kaliba (kipimo cha risasi) ya .22: pini hugonga ukingo wa chumba na kuuharibu.

Kifyatulio kitakuwa kizito. Nyingi ziko hivyo. Kivute chini na nyuma kwa pamoja, si nyuma tu, utaona kinalegea.

Kuhusu kaliba, .38 Special inatosha. .357 Magnum kwenye bastola ya takriban nusu kilo hupiga teke kali kiasi kwamba wengi huiogopa na kuacha mazoezi. Zinazokula .45 Colt na .410, risasi ya shotgun yenye marisau, zinavutia, ila mifereji ya mtutu huzungusha marisau na kuyatawanya mapema, kwa hiyo faida yake huishia hatua chache. Bond Arms ya Marekani huuza mitutu ya kubadilisha kwenye fremu moja, na hapo ndipo bei ya juu hujilipa: anza na .38, ukitaka nyingine ununue mtutu tu. Kama mtutu huo unahesabiwa kuwa silaha nyingine, leseni yako ndiyo itakayosema.

Ukiruhusiwa kuijaribu uwanjani, piga risasi mbili kwenye karatasi kutoka mita tano. Mtutu wa juu na wa chini mara nyingi haipigi mahali pamoja. Tofauti ya vidole vitatu inavumilika, ikizidi kiganja irudishe.